Swali la Tatu

Kabla ya usingizi, maswali.
"Kuna dawa iliyowahi kukudhuru, mzee?"
Koplo Emuron anacheka kwa Kiswahili cha kambini:
"Risasi ilishindwa, sembuse dawa?"

Asekenye hacheki. Bomba la sindano
limeshajaa, linangoja kando ya glavu.
Anapitia mlango mwingine:
"Sindano iliyokufanya ujikune?"
Hapana.
Dirishani, mwamba wa Soroti umeshapata jua.

Mara ya tatu anauliza kama binti yake:
"Hata siku moja, uso haujakugeuka?"

Kimya. Kisha mkono unapanda shingoni.
"Kule Moroto. Kidonda cha mguu.
Waliponichoma, midomo ikafura
kama nimebusu mzinga wa nyuki.
Pumzi ikawa uzi.
Wenzangu wakasema nimelogwa."

Asekenye anamwaga dawa ile yote,
anafungua chupa nyingine.
Anamfunga utepe mwekundu mkononi,
jina la adui kwa herufi kubwa,
hata mwenye haraka alisome.

Koplo anautazama. "Cheo kipya?"
"Ndiyo, afande.
Usikivue."