Umande wa Agosti

Kimechapwa kwa wino wa kaboni,
kidogo kuliko punje ya dengu.
Maabarani Plovdiv nilikionjesha maji matupu:
mstari ukalala.
Nikakionjesha nikotini, tone moja:
mstari ukainua kichwa kama nyoka aliyekanyagwa.

Nikakifunga pamba, nikapanda nacho basi
hadi milima ya Rodope, kwa Fikriye,
anayechuma tumbaku tangu saa tisa usiku,
taa kichwani, jani lingali limelowa,
maana jua likitoka jani hunyauka mkononi.

"Sijavuta hata moja," alisema
kabla sijamuuliza,
akininyoshea mkono kama mtu anayeapa.

Kila Agosti alitapika.
Wakasema mimba. Mimba haikuonekana,
wakasema kijicho,
wakayeyusha risasi, wakaimimina majini juu ya utosi wake.
Mama mkwe, Hatidje, alikuwa na jibu lake:
anavuta huyu, zizini, kwa siri. Pafukapo moshi...
Miaka ishirini na minane
akinusa nguo za mkazamwana.

Nikakibandika penye kifundo cha mkono.
Fikriye akainama. Majani ya chini kwanza.
Gundi ikaganda vidoleni, nyeusi, chungu,
na umande ukapenya sweta,
ngozi ikanywa
bila kuuliza inakunywa nini.

Alfajiri simu yangu ikachora kilima.
Mkondo hafifu wa umeme,
kimulimuli angeucheka,
lakini kilima kilikuwa pale,
kwenye volti yake ileile, hakikupotea njia.

"Hicho ni mimi?"
"Ni shamba. Limo ndani yako."

Hakulia. "Unacho kingine?"
Akaniongoza hadi bandani
alipoketi Hatidje, miaka themanini na mitatu,
sindano ndefu, uzi,
majani mabichi mapajani.
Bibi akatoa mkono, hakusema neno.
Tukangoja. Chai ikapoa.

Kilima chake kiliupita wa juu wa kioo.

Hapakufuka moshi, na moto ulikuwepo.

Akakitazama muda mrefu,
akafuta vidole kwenye aproni, havikufutika,
kisha akasogea benchini
nafasi ya mtu mmoja.

Fikriye akaketi. Akachukua sindano.
Vilibaki vikapu vinne.