Simu Haijafika Kibokoni

Twahir mwanangu, mzigo uliompa Sauda umefika,
salama, ila wanuka ndege,
na leo ni Jumatatu ya tatu nagombana nao.

Birika kwanza.
Lina miguu miwili, bapa, kama ulimi wa nyoka.
Tundu zetu za ukutani ni tatu, hujazaliwa ni tatu.
Nikenda Barabara ya Biashara, nikanunua adapta, shilingi mia na hamsini,
nikachomeka, nikapiga bismillahi,
likasema pu!
Chai haikuchemka. Iliyochemka ni nyumba nzima:
Bi Zuhura wa ghorofa ya juu alikuwa akikausha nywele,
akabaki nusu kichwa kimelala, nusu kimesimama,
na harusi ya watu ni saa kumi.
Fundi Mbwarali alilinusa birika kama anunuaye samaki.
"Mama," akasema, "hili limezoea stima ya upole.
Yetu ina hasira."

Ile taa yenye akili nayo
haiwaki mpaka iulize mtandao.
Mtandao hauji mpaka stima irudi.
Na stima ikirudi, mwanangu,
taa ya nini? Kumeshakucha.

Nawe ulisema, "Mama, sema nayo tu."
Nikasema nayo. Kwa Kimvita, kwa Kiarabu cha chuoni,
kwa kile Kiingereza changu cha darasa la saba.
Yanijibu sori.
Nakohoa, sori. Nafungua dirisha, sori.
Wewe wacheka, wasema ndiyo tabia ya Kanada,
mtu ukimkanyaga kidole yeye ndiye aombaye radhi.
Haya. Huku kwetu kitu kikigoma
hutukanwa kidogo, kikafanya kazi.

Soksi za betri sizitaji.
Hata, nitazitaja. Soksi za kupasha miguu moto!
Februari! Kibokoni!
Ambako watu twalala sakafuni, juu ya saruji tupu,
tukigombania feni moja kama urithi.
Faraj amezivaa mikononi, aepulia sufuria.

Sasa simu.
Nilikuandikia: nimepika mahamri, laiti ungekuwapo.
Ikaona nimekosea, ikakupelekea: nimepika maharaja.
Ukanipigia mbio, ukidhani presha imenipanda kichwani.

Na mpaka leo yaamini iko Edmonton.
Mwadhini aita alfajiri,
yenyewe yasema ni jana, saa moja ya usiku.
Kisha yatetemeka chini ya mto:
Tahadhari! Baridi kali! Thelathini na moja chini ya sufuri!
Funika masikio. Usimwache mnyama nje.
Mimi hapo leso imenigandia mgongoni,
na paka wa mtaa wamelala ngazini, matumbo juu,
hawana habari.

Mbwarali asema ni kazi ya dakika,
abonyeze hapa, abonyeze na hapa, ihamie Mombasa.
Kidole alishakinyoosha.
Nikampokonya.
Nikamwambia iache, mwanangu atapiga sasa hivi.
Urongo mtupu, ulikuwa kazini.

Kwani wewe nikikuuliza hujambo
hunambia sijambo, mama, huku kuzuri,
theluji kidogo tu.
Simu haijafunzwa adabu hiyo.
Thelathini na moja!
Naketi kitandani, naisoma bila miwani,
naisoma tena kwa miwani, isije ikawa tatu na kumi na moja.
Juzi ilisema kumi na tisa,
nikanywa chai yangu kwa raha,
nikawaambia majirani, kwa Twahir leo kuna joto.

Basi sikia. Sauda arudi Alhamisi.
Nampa mahamri, ya kweli, si maharaja,
na soksi zako nazirudisha.
Zanuka kitunguu kidogo, ni Faraj huyo.
Zivae hivyo hivyo.