Vema Kumi na Mbili

Punta Arenas, Julai. Saa tatu asubuhi na bado giza,
upepo unapiga bati la jengo la kufulia
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nimeingia wodini na fomu arobaini,
kalamu mbili, maana moja hukauka
kila nikiandika lisilonipendeza.

Kitanda cha tisa: Nolberto Cárcamo,
mkata manyoya ya kondoo, miaka sabini na saba, nyonga imevunjika.
Nafunua shuka upande wa miguu.
Kwenye kisigino cha kushoto pana duara la zambarau,
upana wa kifungo cha koti.
Nalibonyeza. Halififii.

Kisha nafungua jedwali lake la kugeuzwa,
kila baada ya saa mbili, ubavu huu, ubavu ule:
vema, vema, vema,
kumi na mbili kwa siku, zimenyooka safu,
wino mmoja, mwandiko mmoja, mlalo mmoja,
hata ile ya saa kumi alfajiri haikusinzia.
Lugha nayo ina mzaha wake:
alama tunaiita vema
na kisigino hakina habari.

"Walinigeuza," mzee anawatetea. "Jana. Au juzi.
Wasichana wema hawa."
Halafu, macho darini:
"Kondoo akianguka chali akashindwa kuinuka,
hafiki jioni. Ukimwona, unashuka kwenye farasi."

Nikashuka mimi, ghorofa mbili, hadi stoo ya mafaili,
nikapime tulikotoka.
Boksi la mwaka ule wa theluji nyingi.
Jedwali la mgonjwa nisiyemkumbuka hata jina.
Vema kumi na mbili,
kila moja mkia wake umepinda kushoto
kama ninavyoupinda mimi tangu shule.
Nyani haoni kundule.
Nikakaa juu ya boksi, koti na vyote.

Alhamisi, chumba cha chai. Wauguzi saba, birika moja.
Nikabandika ukutani: arobaini wamekaguliwa,
kumi na mmoja ndio waliogeuzwa kweli.
Hakuna aliyenitazama.
Rosamel alikunja kijikaratasi cha sukari
hadi kikawa punje.
Nikabandika kando yake lile jedwali la boksini.
"Mwandiko huu," nikasema, "ni wangu."

Birika likajizima.

Ndipo Yaritza, mwenye miezi mitatu kazini:
"Mito.
Usiku hakuna mito. Iko kabatini, kabati lina kufuli,
ufunguo anao msimamizi, msimamizi amelala Río Seco."
Na mwingine: "Cárcamo anahitaji watu wawili. Usiku niko mmoja."
Na Rosamel, kwa ile punje ya karatasi:
"Mgonjwa akinyamaza, ananyamaza.
Fomu tupu ndiyo inayonipigia kelele."

Miaka sita fomu yangu imeuliza, Je, amegeuzwa?
Haikuuliza hata siku moja,
Kwa mto upi? Kwa mikono ya nani?

Kufuli fundi alilikata Jumatatu.
Mtu wa pili wa usiku tuliahidiwa; tunamngoja.
Sasa ikifika saa ya kugeuza, wodi ya jirani hutuazima mikono
nasi tunawaazima yetu,
mkataba usio na mhuri, ulioandikwa nyuma ya kalenda.

Mwisho wa Agosti nikahesabu upya.
Ishirini na sita.
Si arobaini, na sikuizungusha namba.
Ila kwenye jedwali la kitanda cha kumi na nne,
mstari wa saa nane usiku, mtu ameandika:
Hapana. Bibi wa kitanda cha tatu alikuwa anakata roho,
tulimshika mkono.

Niliisoma nimesimama.
Katika vema zote nilizokusanya maishani
hakuna niliyoiamini kama hiyo hapana.

Cárcamo aliondoka kwa gongo, kisigino kina rangi ya chai hafifu.
Rosamel alinifuata mlangoni, mkono mbele:
"Na wewe, nani anakukagua?"

Nikampa kalamu. Ile inayoandika.