Kichujio Namba 212

Kilishushwa kutoka paa la shule kikiwa cheusi,
duara la nyuzi za kioo, dogo kuliko kiganja cha mtoto,
kimefungwa katika karatasi ya alumini
kama mkate wa msafiri.
Tarehe tisa Julai. Saa ishirini na nne.
Coyhaique, kusini mwa Chile, bondeni,
ambako baridi hukaa juu ya moshi
kama kifuniko juu ya sufuria,
na upepo haufiki hata uitwe.

Ercilia Nahuelquín anakiweka kwenye mizani
isiyovumilia pumzi. Anabana pumzi.
Tarakimu zinatetemeka, zinatulia:
hewa ya siku nzima, punje chache za chumvi.

Kisha mkasi.
Kisha kiyeyushi chenye harufu ya hospitali,
na rangi ya chai inapanda chupani taratibu.
Anaichuja, anaipulizia nitrojeni
mpaka libaki tone,
analiingiza tone kwenye mshipa wa kioo
wa mita thelathini, uliojiviringa ndani ya joko,
halafu anakwenda kunywa majani yake ya moto
(jina la kinywaji hicho kwetu lingewachekesha watoto).

Moto huzaa jivu, tunasema,
tukimcheka mzazi kwa mwanawe.
Lakini moto una mtoto mwingine,
mwepesi, asiyetulia mekoni,
anayetoka kwa bomba kabla hajapewa jina
na akirudi, hurudi kwa puani.
Huyo ndiye anayetafutwa hapa.

Dakika zinapita. Kila kitu kina dakika yake ya kutoka.
Kwenye kioo vinasimama vilima.

Hiki kirefu, kinachogusa paa la ukurasa,
ni levoglukosani: sukari ya mti
uliokufa kwa moto, si kwa shoka.
Hiki cha pembeni, mti wa lenga, wa milimani.
Reteni: msonobari, tena mbichi,
maana kuni mbichi hulia kabla ya kuwaka
na machozi yake ni haya.
Hopani: mafuta ya injini, basi linalongoja abiria likinguruma.
Kolesteroli kidogo. Ercilia anatabasamu.
Ilikuwa Jumapili; mtu fulani
alichoma mbavu za kondoo, na hakumwalika.

Halafu, mwishoni kabisa, karatasi ilipokuwa imelala,
kilima chembamba.
Anakikuza. Anakilinganisha na maktaba ya mashine.
Benzini iliyobeba pete tatu mabegani.
Plastiki.

Mashine haitaji jina la mtu.
Haisemi mtaa, haisemi mlango wa bluu,
haisemi mikono inayochana gunia la mbolea
vipande, vipande, ili kuni zilizolowa zikubali.
Haisemi mitaa mitatu kutoka shuleni
anaishi Abelino Nahuelquín, miaka sabini na nane,
ambaye pensheni yake hununua kuni kavu
hadi tarehe kumi na nne tu, mwezi ukiwa mpole.
Na kweli, huenda si yeye. Mji una mabomba maelfu.

Anaandika: nanogramu, kwa mita moja ya ujazo.
Anaandika: chanzo, uchomaji wa taka majumbani.
Kalamu inasita kwenye neno *taka*.
Analiacha. Ndilo neno la kitaalamu.

Jumamosi anakodi gari, anapakia lenga kavu
zinazolia kama kengele zikigongana,
anazipanga ukumbini mwa mlango wa bluu
bila kusema bei.

Mzee anamtazama, anakohoa, anafuta midomo.
"Haya, daktari wa vumbi," anasema,
"wiki hii umeona nini kwenye vioo vyako?"

Ercilia anapanga kipande cha mwisho.
Gunia lipo pale pale, nyuma ya jiko, limebaki nusu.

"Niliona kwamba ulisikia baridi, baba."