Wakati Ujao Haupiti Mlango Huu

Grimsby, Jumanne, saa moja na nusu usiku.
Chumba cha juu ya maktaba. Bomba la joto linagongagonga
kama mgeni asiyejua kengele iko wapi.
Mwalimu Glenys, mstaafu wa posta,
anaipuliza kalamu iliyokauka, anaandika ubaoni:
Wakati anakuja, tutakula.

"Tazameni. Upande huu wa koma mna kesho,
upande ule hamna.
Baada ya neno la wakati, Kiingereza hakitaki wakati ujao.
Uacheni nje, pamoja na miavuli."

Halyna ananyosha mkono. Una harufu ya chewa,
mchana kutwa anakata minofu kiwandani.
"Lakini hajaja. Atakuja.
Labda mwezi wa tano, labda vita vikiisha.
Kwa nini niseme anakuja,
kana kwamba yuko kwenye ngazi?"

"Ndiyo kanuni," asema Glenys,
kisha anaona haya, maana kanuni si jibu.

Mimi kiti cha nyuma, kimya,
nalivunja neno la kwetu kwa vidole:
a, taka, po, kuja.
Sisi kesho tumeishonea ndani ya kitenzi,
huitoi bila kuchana nguo.
Na kabla mtu hajaja, twasema hivyo hivyo, hajaja;
twatanguliza hapana
ili ndiyo isitiwe kijicho.
Wao husema tu: kabla anakuja.
Hawaogopi.

Ukurasa wa arobaini na mbili, vitenzi viwili vikikutana.
Rezgar wa kuosha magari asoma insha yake:
siku alipopigiwa simu na dada yake,
aliacha kuvuta sigara, palepale barabarani, mvuani.
"Hongera!" asema Glenys.
"Hongera ya nini? Nilisimama. Nikatoa moja. Nikawasha."

Tulicheka mpaka mkutubi akapanda kutuangalia.
Kumbe ukikipa kitenzi cha pili mkia
umeiacha sigara maisha;
ukikitangulizia kile kineno kidogo cha nia
umesimama ili uivute.
Mapafu ya mtu yananing'inia kwenye silabi moja.

Kineno hicho Glenys akatuzungusha nacho, meza kwa meza:
Ulikuja huku kufanya nini?
Daiva: kukaa miezi sita. (Ana miaka kumi na moja.)
Rezgar: kulala bila viatu.
Halyna: kungoja.

Kalamu nyekundu ilinyanyuka.
Kungoja, nadhani alitaka kusema, si kusudi,
mtu hasafiri ili angoje.
Ikashuka bila kugusa karatasi.

Zikabaki dakika kumi za vielezi.
Bado yetu moja, wao wameipasua mbili:
ya jambo linaloendelea hukaa katikati,
imejibanza kwa kitenzi kama paka kwa jiko;
ya jambo lisilofika hupelekwa mwisho kabisa,
ikasimame huko peke yake, mgongo kwa nukta.
Wengi tulikosea.
Halyna aliandika mistari miwili tu,
bado namngoja,
hajaja bado,
na kila bado ilikuwa mahali pake.
Glenys akaweka vyema. Hakuweka alama.

Saa tatu. Mazipu, skafu, vikohozi.
Kwenye ngazi Halyna alitangulia, mkono juu ya chuma baridi,
akijaribu sentensi kwa sauti ya chini
kama mtu anayejaribu kiatu dukani:
Wakati anakuja, nitamleta hapa kukaa.
Wakati anakuja.
Wakati anakuja.

Chini palikuwa na mlango, mkeka uliolowa, baiskeli ya mtu.
Hapakuwa na mwanamume.
Ila alipofika ngazi ya tatu kutoka chini
nilimwona akijisogeza kidogo ukutani,
kama unavyompisha mtu anayepanda.

Juu, Glenys akazima taa, akatuitia gizani:
"Sentensi kumi! Na msisahau koma!"