Hoja Gani

Kazi arobaini na moja mezani,
na mvua ya Nyegezi inapiga bati kama mtu anayedai kodi.
Nilikuwa nimewapa swali dogo:
eleza dagaa wanavyoanikwa, mahali unapopajua wewe.
Ukurasa mmoja. Siku tano.

Ya kwanza niliisoma nikatabasamu.
Ya pili nikavua miwani.
Kufikia ya tisa ningeweza kuikariri:
"Ni muhimu kutambua kwamba..."
"Kwa kumalizia, ni dhahiri kwamba..."
Sentensi zote zimechomekea, zimefunga vifungo hadi kooni,
hazina jasho, hazina shombo.
Masalu, ambaye hajawahi kufika mwisho wa sentensi
bila kupumzikia "yaani" mbili njiani,
ameandika "aidha" mara kumi na nne.

Nikachukua kalamu nyekundu.
Nikairudisha.
Kwa sababu kuna jambo sikuwaambia:
muhula uliopita, wiki ile ya mitihani, mtoto ana homa,
maoni yaliyo chini ya karatasi zao
sikuyaandika mimi.
Niliiambia akili mnemba: maoni ya upole, maneno machache.
Ikatoa. Nikabandika. Nikalala.

Asubuhi niliingia darasani na sauti ya hakimu.
"Nani aliwaandikia?"
Kimya. Feni moja tu, ile inayozunguka kwa kuchechemea.
Kisha Nyanzobe, nyuma kabisa, dirisha linalotazama ziwa,
akainuka na karatasi mbili mkononi,
yake na ya Bugingo, za muhula uliopita.
Alizitunza.
"Mwalimu, mimi nilipata sabini na nane, yeye thelathini na tatu.
Wote wawili ulituambia:
'Umeonyesha juhudi za kupongezwa, endelea kupanua hoja zako.'
Nilitaka tu kuuliza,
hoja gani?"

Kuna aibu inayopanda usoni
na kuna inayoshuka magotini. Hii ilishuka.
Nikavuta kiti, nikakaa upande wao.

Tukawasha projekta. Tukachangishana bando.
Tukaliuliza dude mbele ya wote, ukutani, herufi kubwa:
dagaa wa Igombe wanaanikwaje?
Likajibu upesi, bila hata kukohoa:
wavuvi husubiri maji yapwe,
kisha huwaosha dagaa kwa maji ya chumvi ya baharini.
Darasa likalipuka.
"Yapwe! Ziwa letu limeanza kupwa lini?"
"Na hiyo chumvi wamekopa duka gani?"
Bugingo wa thelathini na tatu,
ambaye sauti yake sikuwa naijua,
akasimama, akalifundisha.
Mbalamwezi ikiwaka, alisema, hakuna kazi,
dagaa hawaijali taa yako.
Mama yake huanika mchangani, si kwenye chanja;
chanja ni za wenye mkopo.
Na upepo ukibadilika harufu
unakimbilia turubai kabla hujatazama mawingu.
Harufu gani? nikauliza.
Akafikiri sana.
"Kama ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu."

Hiyo haikuwa ukutani.
Tuliiandika. Dude likashukuru kwa adabu,
likaipanga sentensi yake vizuri kuliko alivyoisema,
likaondoa majivu.
Tukayarudisha.

Sasa ni usiku tena. Kazi arobaini na moja, awamu ya pili,
kila moja na ukurasa wa nyongeza:
niliuliza nini, lilinidanganya wapi, nilijuaje.
Nyingine bado zimechomekea.
Masalu ana "aidha" tatu,
lakini "yaani" moja imepenya, nimeizungushia duara.
Ya Nyanzobe inabishana na kitini changu, ukurasa wa sita,
na nahofia yuko sahihi.

Maoni ya Bugingo nayaandika kwa mkono.
Nimeshafuta mara mbili.
"Hapa kwenye harufu ya upepo, usikimbie, kaa..."
Umeme umekatika.
Namalizia kwa tochi ya simu,
asilimia nne.