Safu ya Lugha

Kiwandani Mbale, tunapopakia balbu,
mimi ndiye mwenye daftari:
jina, umri, kundi la damu,
na pembeni kabisa safu ya lugha,
upana wa vidole viwili.

Bwana Qiu, msimamizi, akasema: andika Kichina,
wote sita, Kichina, usipoteze wino.
Nikaandika watano.
Wa sita ni Bi Liao wa jikoni.

Nimewaona hao wawili wakigombania chumvi.
Huyu anasema lake, yule anasema lake,
wanatazamana kama watu waliokatwa na mafuriko,
mpaka Bi Liao achovye kidole kwenye unga
achore juu ya meza.
Bwana anasoma. Anacheka. Chumvi inapita.

Kula, kwa bwana, ni *chi*.
Kwa Bi Liao, *sik*.
Kwetu huku chini ya mlima, *khulya*.
Kwa Waganda, *okulya*.
Na kwa Kiswahili changu hiki cha kambini,
nilichoachiwa na baba pamoja na buti zake,
kula tu, basi.
Sisi ambao tonge letu ni moja
tumehesabiwa lugha tatu.
Wao ambao hata tonge halifanani
wamehesabiwa moja.
Nani alikuwa ameshika kalamu siku hiyo?

Nilimuuliza Bwana Qiu. Hakuinua macho.
Maandishi ni yale yale, akasema,
nchi ni ile ile,
hizo nyingine ni lafudhi za vijijini.
Lakini mama yake akipiga simu kutoka Wenzhou
yeye hutoka, huenda nyuma ya jenereta,
na huko husema kitu laini, cha haraka,
ambacho wale wenzake wote
wananiambia hawakijui hata neno.

Dada yangu Nandudu aliolewa ng'ambo ya Lwakhakha.
Alivuka na sufuria mbili na malewa makavu,
wala hakwenda kujifunza kusema.
Maneno aliyakuta yanamsubiri mlangoni,
yale yale ya mama,
yamevaa jina jingine.
Nasema mulembe, anajibu mulembe,
na mwanawe ananisahihisha:
shangazi, hiyo ni lugha ya kwetu Kenya.

Jana nilipeleka daftari jikoni.
Bi Liao akafuta mikono kwenye aproni,
akauliza kwa vidole: hapa?
Hapa.
Akaandika. Akaandika tena.
Akavuka mstari, akaingia kwenye damu,
akapita umri, akasimama karibu na jina lake.

Bwana Qiu aliisoma yote akiwa amesimama,
kalamu mkononi.
Kisha akatia sahihi.
Nilimuuliza kuna nini pale.
Akaniambia nihesabu makatoni.

Mstari wa saba ni wangu.
Nimeandika jina, umri, damu.
Wino bado upo.